Lensi Niliyonunua kwa Mbegu za Mama

Mwezi uliopita Nasima alinipigia simu asubuhi, akasema neno moja tu: "Baba." Ukisikia mtu anayeongea kama redio anamaliza kwa neno moja, ujue hakuna la kuongeza. Nikafunga studio yangu ya Gitega, nikabandika karatasi mlangoni: "Nimeenda msibani Muyinga. Wazuri mrudi kesho. Wabaya nanyi mrudi, tutarekebisha." Mchana nilikuwa nimeshafika kwao, nyuma ya duka la baba yake, kwenye kile chumba cha zulia jekundu, nimekaa na wanawake, viatu mlangoni, kitambaa kichwani nimekifunga vibaya, mi Mkatoliki wa watu. Wanaume walikuwa nje kwenye hema, dua inasikika mpaka ndani. Wakaleta sinia la pilau, tukalizunguka, na Mama Nasima, mjane wa juzi tu, akawa anasukuma nyama kwa vidole zije upande wangu. "Kula, Spesi. We tangu zamani uko mwembamba kama mti ya fagio." Nyuma yangu shangazi zao wawili waliotoka Bujumbura walikuwa wananong'ona kwa sauti ya kusikika sokoni. "Uyu ni nani?" "Si ni ule wa lensi." "Ah! Ule wa lensi!" Basi. Nimepiga picha maharusi, mapadri, watoto wa ubatizo wenye hasira zao, lakini kwa familia ya marehemu Mzee Yusufu mi ni ule wa lensi, na nitakufa ni ule wa lensi. Sikukasirika. Nilitafuna ile nyama polepole, na mwaka ule wote ukaja ukakaa na mimi kwenye zulia.

Mwaka ule nilikuwa na kamera isiyo na lensi. Usicheke, wenzako walishacheka. Nilikuwa naosha sakafu kwenye studio moja ya mjini Gitega, na bosi wangu alipohamia Bujumbura akaniachia kamera yake ya zamani kama zawadi, maana lensi yake ilianguka kwenye ngazi ikafa palepale. Zawadi gani hiyo, sijui. Ni kama kupewa baiskeli bila magurudumu halafu unaambiwa safari njema. Lakini mi niliipenda. Nilinunua mkanda, nikaivaa shingoni, lile tundu la mbele nimelifunika na kifuniko, nikawa natembea nayo mtaa wetu wa Yoba mzima kama mtu wa habari. Nilipanga chumba kwa Mama Divine, chumba chenye kitanda, ndoo, picha ya Bikira Maria na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani. Jioni Mama Divine na rafiki yake walikaa nyuma wakichagua ndagala, dagaa za kwetu, wakitoa mawe, na mi ndani nakula bugali yangu na mboga ya lengalenga nasikiliza redio ya bure.

"Ile mashini yake haiko na jicho," akasema Mama Divine.

"Unasema?"

"Nakuambia! Nimeichungulia akiwa anaoga. Tundu tupu. Ni kama mutu ameweka kravati, suruali haiko."

"Na anaivaa hata kwenye misa!"

"Anaivaa hata kwenye choo! Bon, labda ni uchawi ya Tanzania."

Mi nilicheka mpaka bugali ikanipalia, maana kusema ukweli ile ya kravati ilikuwa nzuri. Halafu waliponyamaza nikaangalia ile kamera juu ya kitanda, na kicheko kikaisha. Walisema kweli. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu, kule Tanzania tulikokuwa wakimbizi, na kazi ya kuosha sakafu ilikuwa imeondoka na bosi. Sasa hivi nikiwaona vijana wanaokuja studio kuniuliza waanzie wapi, wana simu zinazopiga picha nzuri kuliko kamera yangu ya kwanza, nawaambia, shukuru, we una jicho tayari. Hawanielewi. Wanadhani nahubiri.

Kiangazi kilipofika nikaenda Mwakiro kwa mama. Njiani nilisimama Muyinga mjini, na hapo ndipo nilipoziona. Mzee Yusufu alikuwa anauza sufuria, thamosi, blanketi, betri, na kila baada ya muda ndugu yake aliyeko Dubai alikuwa anamtumia makatoni ya vitu vilivyotumika, pasi, redio, feni, vyote vimechanganywa. Unanunua katoni, ndani ni bahati yako. Safari ile kwenye katoni moja kulikuwa na lensi, zimefungwa kwenye soksi, kila lensi na soksi yake. Amezipanga kwenye kioo katikati ya pasi na tochi. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nasubiri basi.

Usiku huo sikusema kitu, lakini mama yangu anasoma uso kama watu wanavyosoma tangazo. Asubuhi, anakoroga sombe ya majani ya muhogo, akauliza, "Umeona nini huko njiani?"

"Jicho, mama. Liko kwa Muhindi wa Muyinga."

"Linauzwa?"

"Linauzwa. Anachukua hata mazao."

Akakoroga. Mi namjua, akikoroga bila kuonja ujue anafikiri. Kwetu chakula kinaweza kuisha, unaazima kwa jirani, lakini maharage ya mbegu hayaliwi hata watoto walie, na hayauzwi hata mgonjwa aumwe. Yanakaa juu ya kitanda cha mama kama mtoto mwingine. Kesho yake nilipoamka, gunia la mbegu lilikuwa mlangoni, limefungwa na kamba ya mgomba. Mama alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, haangalii gunia, anaangalia shamba.

"Mvua ya kwanza ikinyesha, nataka mbegu mkononi," akasema. "Sitaki picha ya mbegu."

Nikamwambia, "Mama, nitakuletea zaidi."

"Usiniletee zaidi. Niletee za kupanda. Vinginevyo unarudi hapa, unashika jembe, na hilo dude lako tunawekea chumvi."

Mzee Yusufu aliniuliza nataka lensi gani, nikaonyesha ile kubwa kuliko zote, ndefu kama paja la mbuzi. "Kubwa iko bei kubwa," akasema, "ndogo iko bei ndogo. Hapa ni kama sufuria."

"Na kwenye picha zinatofautianaje, Mzee?"

"Mi siko daktari wa lensi, binti. Hapo ni we na Mungu."

Nikajaribu ile kubwa kwenye kamera. Ikagoma. Nikazungusha huku, nikazungusha kule, nikaikandamiza kama unavyolazimisha mfuniko wa jirani kwenye sufuria yako, mpaka Mama Nasima akapiga kelele kutoka nyuma, "Yusufu! Mwambie uyo mutoto asivunje, hatujakula bado!" Nikajaribu ya pili, ya tatu, zote zinagoma. Kumbe kila kampuni na mdomo wake, na hata leo nikinunua lensi ya mtumba kitu cha kwanza naangalia ni mdomo kabla ya kuuliza bei. Ikabaki moja, fupi, nene, kama kikombe cha kahawa, ambayo hata sikuitaka. Nikaiweka tu ili nisionekane mbishi. Kwa! Ikaingia, ikajifunga yenyewe. Nikainua kamera, na kwa mara ya kwanza ndani ya lile tundu nikaona mtu. Alikuwa Mzee Yusufu, anachana ndevu na vidole. "Naonekana?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa, jicho bado kwenye tundu. Tukabadilishana, yeye gunia, mi kikombe changu, nikapanda kilima cha kurudi Mwakiro nikiimba, na sijui kuimba.

Furaha yangu iliisha kabla ya chakula cha jioni. Nilikaa uani nikataka kumvuta karibu kuku aliyekuwa mbali, kama nilivyomwona bosi wangu anavuta. Nikazungusha. Kuku akabaki kulekule. Nikazungusha tena, akawa na ukungu, akawa safi, lakini kusogea hasogei. Mama akaichukua lensi, akaielekeza kwenye mwanga, akafunga jicho moja kama anachungulia kwenye chupa. "Na hivi vinyuzi humu ndani ni vya nini?" Nikaangalia. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzinyuzi nyeupe, nyembamba, kama buibui amepiga chapa. Mama akanirudishia, akaingia ndani. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kulipokucha mi niko dukani, hata hakujafunguliwa. Mzee Yusufu anafungua mlango, ananikuta. "Mzee, lensi ni mbovu. Haivuti. Halafu imeota. Nirudishie mbegu za mama."

"Kitu ikishauzwa hairudi, binti."

"Basi nirudishie hata nusu."

"Maharage nimeshauza."

"Jana hiyohiyo?"

"Maharage ya Mwakiro ni tamu. Watu wanagombania." Akawa anapanga sufuria, haniangalii.

Nililia, tena si kilio cha heshima. Nilikaa chini kwenye saruji, mgongo kwenye mlango wa stoo, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzee, kwamba yeye ana duka na mama yangu ana shamba tupu, na Mungu wake na Mungu wangu wanaongea lugha moja, watalizungumza hili. Hakunifukuza. Alisubiri nikapumua, halafu akaita, "Mama Nasima, kuja. Nasima, kuja na we." Nasima alikuwa msichana wa rika langu, kichwa kimejaa maneno. Akawasimamisha mbele ya blanketi, naye akasimama katikati, tumbo ameliingiza ndani. "Bon. Piga."

"Siwezi. Hamuenei wote."

"Rudi nyuma."

"Nimefika ukutani!"

"Toka nje."

Nikatoka mpaka barabarani, baiskeli ya ndizi ikanikosa kidogo, mwenyewe akanitukana kwa Kirundi safi. Nikaangalia: wote watatu wameingia, wamekaa katikati ya mlango kama kwenye fremu, na nyuso zao zinaonekana mpaka kope, kuliko nilivyowahi kuona kwenye studio. "Wameenea!" nikapiga kelele.

"Na ukitaka karibu?"

"Haivuti, Mzee, nimekuambia!"

"Miguu yako iko ya nini? Yeye havuti, vuta we!"

Siku ile nzima nilibaki pale. Kila mteja aliyeingia, Mzee Yusufu anamwambia, "Simama kidogo, uyu binti anajifunza, haiumi." Nikawa naenda mbele, narudi nyuma, napiga magoti, napanda kwenye kreti. Mchana tukala chapati na dengu juu ya kaunta, Nasima anacheka kwamba natembea kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Jioni nilipoondoka, bado nilikuwa na hasira kuhusu mbegu. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kujua.

Zile nyuzinyuzi za ndani mama alizitibu mwenyewe. Aliamka na uamuzi. "Ni ukungu. Maharage yakiota ukungu tunafanyaje?" Nikasema tunaanika. "Basi." Akatandika mkeka, upande mmoja mahindi, upande mwingine lensi yangu imesimama kama mgeni wa heshima. Tukaenda kuchota maji. Tuliporudi tunasikia harufu, tunaona moshi mwembamba, na mkeka una tundu linalokua. Jua lilikuwa limepita kwenye lensi likachoma. "Spesi! Jicho lako linatuchomea nyumba!" Akaumwagia mkeka maji, lensi akaikwapua kwa kanga, halafu, badala ya kuitupa, akaiweka kwenye ungo ikiwa imelala ubavu, akakaa pembeni akiigeuza kila mara, kama anayelinda vifaranga. Siku kadhaa aliianika hivyo, mbegu zake hana, jicho la mtoto wake analigeuza. Ukungu haukutoka wote, alama zipo mpaka leo, ila haujaongezeka hata uzi mmoja. Nikiwa napiga picha ya mtu jua likiwa nyuma yake, zile alama zinamwekea mwanga laini usoni, na watu wananiuliza natumia dawa gani. Nawaambia ni siri ya familia.

Niliporudi Yoba mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika, na hakuna mtu aliyeniita kupiga picha hata kwenye siku ya kuzaliwa ya mbwa. Kila asubuhi naangalia juu. Wenzangu wanaomba mvua, mi naiambia, subiri kidogo. Aliyeniokoa ni Mama Divine, mdomo wake uleule. Shemeji yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia huko Itaba, na familia ilikuwa inafanya kuganduka, yaani siku ya kumaliza msiba, watu wanakula, wanakunywa, wanatoa hotuba, na baada ya hapo mfiwa anaruhusiwa kucheka tena. Mpiga picha wa mjini alikataa kwenda, akasema barabara itamuulia pikipiki. "We sasa si uko na jicho?" akaniuliza Mama Divine, akainama kuhakikisha. "Twende. Lakini usiniaibishe, nimeshasema uko wa studio."

Itaba walituketisha chini ya turubai, bia ya ndizi kwenye mitungi, wali, nyama, na hotuba ambazo zingeweza kumwamsha marehemu akaomba zifupishwe. Mjane aliitwa Mama Kelly, mwanamke mrefu, mkimya. Alinivuta pembeni. "Nina picha nyingi za mwaka huu," akasema kwa Kirundi, "na zote nalia. Nataka moja ya leo, ya wote, ambayo silii." Nikamwambia hakuna shida. Kumbe shida ilikuwa yeye. Tuliwapanga nje kwenye mteremko, wazee kwenye viti, watoto chini, ukoo mzima, na kila nikimwambia Mama Kelly acheke, mdomo unatetemeka, macho yanajaa, na akianza yeye wanaanza wote. Nikatania. Nikasema mzee wa mbele anakaa kama anasubiri chanjo. Wakatabasamu kwa adabu, ya kanisani. Na bado hawakuwa wameenea wote! Nikarudi nyuma. Upande wa kushoto unakatika. Nikarudi tena. Nyuma yangu kulikuwa na ule mfereji wanaochimba kwenye vilima kuzuia udongo usiondoke na mvua, na mi macho yangu yote yako ndani ya kamera, miguu ndiyo inafanya kazi, kama nilivyofundishwa dukani.

Nilishuka mzima mzima. Wananiambia nilipotea kama mtu aliyeitwa na ardhi, ikabaki mikono miwili juu imeshika kamera. Halafu nikasikia Mama Divine: "Yampayinka! Uyu siko naye mimi!" Na Mama Kelly akalipuka. Si kicheko cha adabu, ni kile cha tumboni kinachokukunja, na ukoo wote ukamfuata, mzee wa chanjo anapiga mapaja, watoto wanagaragara. Mi kwenye mfereji, tope mpaka masikioni, nikainua macho kwenye lile tundu: wameenea. Wote. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza.

Nilipomletea picha zilizosafishwa, Mama Kelly alichagua moja, akaiweka magotini. Halafu akauliza wanilipe nini, maana pesa wangetafuta baada ya mavuno. Nikasema mbegu za maharage. Akaniangalia vizuri, akaona kumbe chini ya ile kamera kuna mtoto wa mkulima, akaniletea gunia ambalo mi na Mama Divine tulishindwa kulinyanyua.

Mvua ya kwanza ilinikuta njiani, juu ya lori, nimelalia gunia na turubai juu yetu. Mama alikuwa ameshalima, matuta yako tayari, tupu. Akafungua, akachukua maharage kiganjani, akayanusa, akayang'ata. "Haya ni ya Gitega."

"Ndiyo, mama."

"Yanajua udongo wetu?"

"Sisi tulitoka Tanzania tukaujua. Na yenyewe yatajifunza."

Akanitazama, akatema ganda. "Mdomo huo." Kesho yake tulipanda. Yaliota. Mwaka uliofuata majirani wakaja kuomba mbegu, na mama akawa anasema "maharage yangu ya Gitega" kama amezaliwa nayo. Mi nikarudi Yoba na kamera, na sikushika jembe tena isipokuwa Krismasi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiria kwenye zulia. Sinia lilipoondolewa, Nasima akaja akakaa karibu, macho mekundu. Nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia baba yake, maana kila nilipopita dukani tulikuwa tunataniana tu: kwamba siku ile angenirudishia mbegu, ningeenda nyumbani na ningekuwa huko mpaka leo. Kwamba namshukuru kwa kukataa.

Nasima akaniangalia, akaanza kutabasamu vibaya. "Spesi. Hakuuza."

"Nini?"

"Yale maharage. Yalikuwa kwenye stoo. We ulikuwa unalia umeegemea mlango, gunia iko nyuma ya mgongo yako."

Nikageuka kuangalia nyuma ya mgongo wangu, kama gunia bado lipo.

"Mama alimfinya arudishe. Akasema hapana, nikimupa gunia leo, kesho iko na jembe. Alishamuambia mutu wa lori, mvua ikianza na uyu binti hajarudi, peleka gunia Mwakiro, useme ni makosa ya duka. Halafu mama yako akakuja kununua chumvi, anajisifu iko na mbegu za Gitega. Baba alicheka siku mbili!"

"Na gunia?"

"Tulikula!" Akanishika mkono. "Wiki na wiki, Spesi! Mama yako alikuwa amechanganya na majivu ya kuzuia wadudu, unaosha, unaosha, bado majivu. Mi nalia sitaki. Baba anatafuna, meno inasema krr, krr, anasema, kula, ni tamu!"

Nikaanza kucheka. Nilijaribu kuficha kwenye kitambaa, kikafunguka. Mmoja wa wale shangazi akageuka, "Nyie! Hapa kuna msiba!" na kutoka kwenye kona yake Mama Nasima, ambaye nilidhani hasikii, akamjibu, "Waache. Kweli yalikuwa na majivu."